Kushona Picha: Historia Fupi ya Kazi na ya Istilahi Zake, kwa Mfano wa Unguja

UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kueleza historia fupi ya kazi moja na ya maneno yanayoitaja. Kazi yenyewe ni ile ya kupiga picha nyingi ndogo, kila moja ikifunika sehemu ya jirani yake, kisha kuziunga zote hata zikawa picha moja kubwa ambayo kamera isingeweza kuipata kwa mpigo mmoja. Mpima ardhi huifanya kazi hii akiwa na kisiwa kizima mbele yake. Mtaalamu wa maabara huifanya akiwa na tone la damu lililokaukia juu ya kioo. Vipimo vyao vinatofautiana mno, lakini kanuni ni moja, na kwa hiyo yafaa istilahi zao nazo ziwe za ukoo mmoja.

Tumechagua Unguja kuwa mahali pa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, kuanzia mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha na ndege ndogo zisizo na rubani kwa ukamilifu ambao ni nadra kuonekana penginepo barani Afrika. Pili, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Basi ni haki kuuliza kwanza mafundi wa Unguja, wa mikeka, wa makuti na wa vyombo, wana maneno gani ya kutaja vitu vinavyoungwa.

Haja ya kulizungumza jambo hili si ya kupamba kamusi. Picha zilizoungwa hutumika leo katika mipango miji, katika mashauri ya mipaka ya ardhi na katika uchunguzi wa maradhi. Maelezo yake mengi huandikwa kwanza kwa lugha za kigeni, kisha hutafsiriwa. Tafsiri ikisema "picha" tu, mwenye shamba, sheha au mwanafunzi wa maabara atadhani anatazama picha iliyopigwa mara moja. Atapima juu yake, au atahesabu ndani yake, naye atakosea bila kujua kwamba amekosea.

KABLA YA NDEGE

Haja ya kuunga vipande ilitangulia kamera. Katika miaka ya 1820 manowari za Uingereza, Leven na Barracouta, zikiongozwa na Kapteni William Owen, zilipima pwani ya Afrika ya Mashariki. Pwani ndefu haipimwi kutoka mahali pamoja. Hupimwa sehemu kwa sehemu, na sehemu mbili huunganishwa kwa alama zinazoonekana kutoka pande zote mbili: rasi, kisiwa kidogo, mti mrefu. Hapa tayari pana kanuni yote tunayoishughulikia, nayo ni kwamba vipande viwili huungana kwa kile ambacho vyote viwili vinakiona.

Kamera ilifika Unguja mapema. James Augustus Grant alipiga picha mjini mwaka 1860, alipokuwa akijiandaa kwenda bara pamoja na John Hanning Speke, na mwishoni mwa karne ile studio za A. C. Gomes na za ndugu Coutinho zilikuwa zikifanya kazi Unguja. Wapiga picha wa zama zile, popote walipokuwa, walikabiliwa na tatizo moja: mandhari ya bandari ni pana kuliko jicho la kamera. Dawa yao ilikuwa kuigeuza kamera kidogo kidogo juu ya miguu yake, wakiacha ukingo wa kila picha urudiwe katika picha inayofuata, kisha kuzipanga karatasi ubavu kwa ubavu. Kamera ikigeuzwa mahali pamoja, kingo hukubaliana. Ikisogezwa, vitu vya karibu huhama kuliko vya mbali, na mlingoti wa jahazi ulio mbele ya jumba katika picha moja huwa kando yake katika picha ya pili. Tatizo hili la vitu kuhama halikwisha kwa kuja ndege. Lilizidi kuwa kubwa.

PICHA ZA ANGANI NA GUNDI

Picha ya kwanza kutoka angani ilipigwa na Nadar, Mfaransa, akiwa ndani ya puto, mwaka 1858. Lakini ni Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, iliyoifanya picha ya angani kuwa chombo cha ramani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, Uingereza iliunda idara maalumu ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, na ndege za jeshi lake la anga zikapiga picha sehemu kubwa za Afrika.

Utaratibu uliowekwa zama zile bado unafundishwa. Ndege huruka kwa mstari ulionyooka, na kila picha hufunika kiasi cha asilimia 60 ya picha iliyotangulia. Inapomaliza mstari hurudi kwa mstari mwingine ulio sambamba, na safu mbili hufunikana ubavuni kwa asilimia 20 hadi 30. Msomaji aweza kuuliza kwa nini wapoteze filamu namna hiyo. Jibu ni kwamba kila mahali pa ardhi lazima paonekane katika picha mbili angalau, zilizopigwa kutoka sehemu mbili, kama vile macho mawili yanavyotazama kitu kimoja. Hapo ndipo urefu wa mlima au wa nyumba unapoweza kukokotolewa. Asilimia 50 ingetosha kwa shida. Asilimia 10 zilizozidi ni akiba dhidi ya upepo na kuyumba kwa ndege, nazo ndizo zinazofanya picha tatu zinazofuatana ziwe na mahali pa pamoja.

Kuziunga ilikuwa kazi ya mikono. Fundi alichagua sehemu ya katikati ya kila picha, ambayo ndiyo yenye upotofu mdogo, akaukata ukingo, akaupunguza unene kwa nyuma ili usitoe kivuli, kisha akaubandika kwa gundi juu ya ubao. Tangu zama zile mafundi walitofautisha aina mbili za kazi. Ya kwanza ilipangwa kwa macho tu, kingo kwa kingo, na ilifaa kwa kutazama. Ya pili ilitandazwa juu ya alama zilizokwisha pimwa ardhini, na kila picha ilirekebishwa mpaka ikakubaliana na alama hizo. Tunamwomba msomaji aikumbuke tofauti hii, kwani ndiyo tutakayoijengea hoja yetu kuu.

KAZI INAPOKABIDHIWA TARAKILISHI

Mabadiliko makubwa yalikuja pale mkasi na gundi vilipoachia nafasi hesabu. Mwaka 1975 Kuglin na Hines walionyesha njia ya kukokotoa ni kwa kiasi gani picha moja imesogea kutoka kwa nyenzake. Mwaka 1983 Burt na Adelson walieleza namna ya kuchanganya picha mbili penye kiungo ili mstari usionekane: rangi na mwanga wa maeneo mapana huchanganywa taratibu katika ukanda mpana, na mambo madogo madogo huchanganywa katika ukanda mwembamba. Mwaka 1999 David Lowe alitoa njia ya kutambua alama katika picha hata kama picha imegeuzwa, imekuzwa au imepunguzwa, na mwaka 2003 yeye na Matthew Brown wakaonyesha programu inayoweza kupewa rundo la picha zisizopangwa ikajua yenyewe ipi ni jirani ya ipi. Kwa upande wa hadubini, Stephan Preibisch na wenzake walitangaza mwaka 2009 njia ya kuziweka picha zote mahali pake kwa pamoja, badala ya kuzifuatanisha moja moja.

Hili la mwisho lastahili maelezo. Tuseme kila picha inaungwa na jirani yake kwa kosa dogo la nusu ya milimita. Picha ya pili itakosea nusu milimita. Ya mia moja, makosa yakielemea upande mmoja, itakuwa imehama karibu milimita 50. Makosa hulimbikizana. Fundi wa mkeka analijua jambo hili: ukili ukivutwa kidogo tu mwanzoni, mkeka huenda upogo, na upogo huo hauonekani mpaka mkeka umekaribia kwisha. Dawa ni kutazama viungo vyote kwa wakati mmoja na kuyagawa makosa, ili pasiwe na mahali pamoja panapobeba mzigo wote.

UNGUJA KUANZIA MWAKA 2016

Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuipima Zanzibar kwa ndege zisizo na rubani, ambazo watu wengi wamezoea kuziita droni. Mradi huo uliongozwa na Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ukashirikisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na ulisaidiwa na Benki ya Dunia. Vijana wa chuoni walifunzwa kuzirusha ndege na kuzishughulikia picha. Ndege zilizotumika ni za aina ya eBee, zenye mabawa yasiyozunguka, na uzito wake ni kiasi cha gramu 700 tu. Eneo lililokusudiwa lilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 2,300, yaani visiwa vyote viwili. Picha zilizotokana na kazi hiyo ziliwekwa wazi kwa watu wote, na baadaye zilitumika kufundishia mashine kutambua paa za nyumba. Kabla ya hapo, mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria ulikuwa umekwisha anza kuchora mitaa ya Dar es Salaam, nao pia ukatumia picha za ndege za namna hii.

Ndege nyepesi kiasi hicho husukumwa na upepo, na visiwa hivi havikosi kusi wala kaskazi. Kwa hiyo picha za droni hufunikana kuliko zile za zamani; aghalabu asilimia 75 au 80 mbele, na 60 au 70 ubavuni. Programu hutafuta maelfu ya alama zinazorudiwa katika picha jirani: kona ya paa, jiwe, mstari wa barabara. Kwa alama hizo hukokotoa kamera ilikuwa wapi na ilielekea wapi katika kila mpigo, na baadaye hukokotoa urefu wa kila kilichoonekana.

Kuna mahali ambapo hesabu hiyo hushindwa, na mtu wa pwani ataelewa upesi. Maji ya bahari hayatulii. Wimbi lililoonekana katika picha moja halipo tena katika picha ya pili, na programu haina cha kushika. Majani ya minazi na mikoko hupepesuka. Tena bahari hupwa na kujaa. Wakati wa bamvua tofauti ya maji makuu na maji madogo kandokando ya Unguja hufika karibu mita 4, na upande wa mashariki ufuko hutandaa mbali sana maji yakitoka. Safu moja ikipigwa asubuhi maji yamepwa, na ya jirani ikipigwa mchana yamejaa, hakuna mshono utakaozipatanisha kwa haki. Picha kubwa itaonyesha ufuko uliokatika ghafla, na mtazamaji asiyeambiwa atadhani pana ukuta au pana mmomonyoko.

Mji Mkongwe nao, ulioandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, una ugumu wake. Nyumba ni ndefu, vichochoro ni vyembamba. Tufanye hesabu. Tuseme kamera iko mita 165 juu ya njia, na nyumba yenye urefu wa mita 15 iko mita 50 kutoka mahali palipo wima chini ya kamera. Ukingo wa paa lake utaonekana katika picha umesogea mita 5 kuelekea nje, kana kwamba nyumba imelala. Mita 5 zatosha kukimeza kichochoro kizima na kugusa ukuta wa jirani. Ikiwa picha zitaungwa kingo kwa kingo tu, paa litakuwa juu ya kiwanja cha mwingine, na hapo ndipo ugomvi unapoweza kuzaliwa. Ikiwa zitarekebishwa kwa kutumia urefu uliokokotolewa, na kufungwa kwenye alama zilizopimwa ardhini, kila paa litarudi juu ya kuta zake. Kwa jicho lisilozoea, picha hizi mbili kubwa hufanana. Kwa mwenye kipimo mkononi, moja ni ushahidi na nyingine si ushahidi.

CHINI YA HADUBINI

Neno darubini limetujia kutoka Kiajemi, nalo limejengwa kwa maneno mawili yenye maana ya "mbali" na "kuona". Hadubini imeshika mwisho ule ule, na leo darubini ni ya kutazama mbali na hadubini ni ya kutazama vidogo. Hapa tayari lugha yetu imetufundisha kwamba vyombo viwili vya ukoo mmoja vyaweza kuwa na majina yanayofanana bila kuchanganywa.

Hadubini ni chombo cha kazi cha siku nyingi katika visiwa hivi. Katika miaka ya mwisho ya 1950 na katika miaka ya 1960 Zanzibar ilikuwa na mpango wa kutokomeza malaria uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani, ukamalizika mwaka 1968, na kazi kama hiyo haiendi bila kusoma damu katika slaidi. Huko Pemba, maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri imefanya kazi tangu mwaka 2000. Msomaji wa slaidi hutazama duara moja la damu, husogeza slaidi, hutazama jingine. Desturi iliyofundishwa ni kutazama maduara yasiyopungua 100 ya tone nene kabla ya kusema kwamba vimelea havikuonekana. Katika kazi hiyo hakuna picha iliyoungwa; kinachoziunga sehemu zote ni kumbukumbu ya msomaji na uangalifu wa mkono wake, asirudi alikokwisha pita.

Kamera inapowekwa juu ya hadubini, idadi huwa ya kutisha. Kwa lenzi yenye nguvu, sehemu inayoonekana kwa mara moja ina upana wa karibu milimita 0.2. Tuseme tone limetandaa milimita 15 kwa 15, na kila picha inamfunika jirani yake kwa asilimia 10. Kamera itasogea milimita 0.18 kila mara. Zitahitajika picha 84 kwa upana na 84 kwa urefu, yaani zaidi ya 7,000 kwa tone moja. Kazi hiyo haifai mkasi wala gundi. Mashine za kwanza za kupiga slaidi nzima zilitokea katika miaka ya 1990, zikawa ghali na kubwa, na zikakaa katika hospitali za nchi tajiri.

Katika pwani yetu mfano unaojulikana ni wa Kinondo, Kwale, kusini ya Mombasa. Kati ya Septemba 2018 na Septemba 2019, katika hospitali ya Kinondo Kwetu, watafiti walichukua sampuli za wanawake 740 waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, kwa ajili ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Slaidi zilipigwa picha pale pale kwa mashine ndogo ya kubebeka, na picha hizo kubwa zikapelekwa kwa mtandao wa simu ili zichunguzwe na programu pamoja na wataalamu walio mbali. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Umuhimu wake kwetu ni huu: slaidi ilibaki kijijini, lakini picha yake nzima ilisafiri. Mtaalamu aliyeitazama hakuwa na slaidi ya kuhakiki. Alitegemea kwamba viungo viko sawa.

Na viungo vya hadubini vina hatari zake. Mwanga wa hadubini huwa mkali katikati na hafifu pembeni. Usiposawazishwa kwanza, picha kubwa huwa na madoa kama ubao wa dama. Kioo hakilali sawasawa, na sehemu moja huonekana vizuri huku ya jirani ikiwa na ukungu. Lililo zito zaidi ni la hesabu. Kimelea kilicho katika ukingo unaorudiwa kimo ndani ya picha mbili. Anayehesabu picha moja moja atakihesabu mara mbili. Na kama mshono umekosea kidogo, kimelea hicho chaweza kuonekana viwili hata katika picha kubwa, au kikakatwa na kupotea. Daktari hutoa dawa kwa kufuata hesabu. Mwenye ugonjwa haambiwi juu ya mshono.

MANENO YALIYOPO

Tukitazama maandishi ya Kiswahili na kusikiliza mazungumzo ya kazini, tunakuta maneno kadhaa yanayogombea nafasi moja.

"Kuunganisha" ndilo linalotumika zaidi. Kosa lake ni upana. Mtu huunganisha umeme, simu, vyama vya siasa na picha za harusi katika albamu. Halisemi kwamba kingo zinarudiwa, wala kwamba zimelinganishwa.

"Kuunga" ni zuri na fupi, nasi wenyewe tumelitumia katika makala haya kwa maana ya jumla. Mfupa huungwa, kamba huungwa. Hata hivyo mchuzi nao huungwa kwa nazi, na hoja huungwa mkono. Tunaona libaki kuwa neno la jumla, lisibebeshwe maana ya kitaalamu.

"Mosaiki" lina watetezi wake, nao wana hoja: linatambulika kimataifa na tayari lina sauti za Kiswahili. Lakini mosaiki ya asili ni ya vipande vilivyopangwa ubavu kwa ubavu bila kufunikana, na kwa msomaji wa kawaida neno hili halielezi kitu. Tena halinyambuliki; tutahitaji kitenzi kingine kando yake.

Kwa ile sehemu inayorudiwa, wengine husema "kupishana". Hili tunalikataa kabisa, kwa kuwa magari yaliyopishana hayakugusana. Maana yake inakwenda kinyume cha jambo lenyewe. "Kuingiliana" limekwisha chukuliwa na maana ya taathira na mahusiano. "Kupandana" husemwa juu ya wanyama, na mwalimu hatapenda kulisimamia mbele ya darasa.

Basi na tuwaulize mafundi. Mwenye kuezeka makuti hulilaza kuti la juu lifunike sehemu ya lile la chini. Asipofanya hivyo nyumba itavuja. Kutokana na kufunika tunapata kufunikana, na kutokana na kufunikana twaweza kupata "mfunikano". Neno hili linapimika: mfunikano wa asilimia 60, mfunikano wa mbele, mfunikano wa ubavuni.

Kwa kitendo chenyewe, tunaona "kushona" lina haki kuliko mengine. Wako watakaosema kwamba ni tafsiri ya neno la kigeni, nasi tunajibu kwamba mwambao huu haukungoja mgeni autie sindano mkononi. Kitabu cha mabaharia cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinataja vyombo vilivyoshonwa katika pwani hii, na kinasema kwamba mji wa Rhapta ulipewa jina kutokana na vyombo hivyo. Jina la mji wa kale kuliko yote yaliyoandikwa katika pwani yetu, basi, lina maana ya kushona. Mitepe ya baadaye nayo ilishonwa kwa kamba za kumbi, bila misumari. Kwa hiyo kushona katika Kiswahili hakukuwa kwa nguo peke yake: vyombo vilishonwa, viatu hushonwa, kidonda hushonwa, na mkeka hushonwa.

Huo mkeka ndio mfano ulio karibu zaidi. Mwanamke wa Unguja hasuki mkeka kwa upana wake. Husuka kwanza ukili, ukanda mwembamba na mrefu, kisha hushona ukili kwa ukili mpaka upana utimie. Ndege nayo hufanya hivyo hivyo: hupiga safu moja ndefu ya picha, kisha nyingine kando yake, na baadaye safu hizo hushonwa. Hakuna lugha tunayoijua ambayo imeandaa istilahi mapema kiasi hiki kabla ya kazi yenyewe kufika.

Kuna pingamizi moja ambalo lazima tulitaje. Siku hizi mitaani "mkeka" ni karatasi ya kubashiri matokeo ya mpira, na pia ni orodha ndefu ya walioteuliwa kushika nyadhifa. Je, neno limeharibika? Hatuoni hivyo. Katika istilahi tutasema "mkeka wa picha" kwa ukamilifu, na maneno hayo mawili yakikaa pamoja hayampotezi mtu.

ISTILAHI IMWAMBIE MTU KAMA ANAWEZA KUPIMA

Istilahi hupimwa kwa ufupi, kwa usahihi, kwa kunyambulika na kwa kukubalika. Katika jambo hili tunaongeza kipimo cha tano: jina la picha limwambie mtumiaji kama ana ruhusa ya kuipima. Ndiyo maana hatupendekezi jina moja kwa picha kubwa zote. Iliyoshonwa kwa kulinganisha kingo tu iitwe "mkeka wa picha". Iliyorekebishwa kwa urefu wa ardhi na kufungwa kwenye alama zilizopimwa iitwe "ramani-picha". Karani wa ardhi akikuta la kwanza katika hati, ajue ni ya kutazama. Akikuta la pili, ajue anaweza kuweka kipimo, huku akiuliza kosa lake ni la kiasi gani.

Zanzibar ina mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ina viwanja vya mjini, na ina Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992. Mipaka mingi hukumbukwa kwa mti au kwa jiwe. Picha ya angani inapoletwa mbele ya wazee na mbele ya mahakama, kila mmoja ana haki ya kuelewa kwa lugha yake ni kitu cha namna gani kilichowekwa mezani. Haki hiyo haitimizwi na mtaalamu peke yake. Hutimizwa na mfasiri aliyetafsiri maelezo yaliyo chini ya picha.

MAPENDEKEZO

Kwa hayo tunapendekeza istilahi zifuatazo, zitumike kwa picha za angani na za hadubini sawia.

Kushona picha: kuziweka pamoja picha zinazofunikana kwa kulinganisha alama za pamoja. Ushonaji wa picha ni kazi. Mshonaji ni mtu au programu.

Kigae: picha moja miongoni mwa zile zinazoshonwa. Wingi wake, vigae.

Ukili: safu moja ya vigae vilivyopigwa kwa kufuatana katika mstari mmoja wa safari ya ndege au wa mwendo wa slaidi.

Mfunikano: sehemu inayoonekana katika vigae viwili au zaidi, hutajwa kwa asilimia.

Alama linganifu: kitu kinachotambulika katika vigae viwili na kinachotumika kuvipatanisha.

Alama ya ardhini: mahali palipopimwa ardhini panapotumika kufunga picha.

Mshono: mstari ambapo kigae kimoja kinaachia kingine. Mshono waweza kuwa wazi au kufichwa, lakini haukosi kuwapo.

Kusawazisha mwanga: kuondoa tofauti za mwanga kati ya vigae na ndani ya kigae kimoja.

Upogo: kuhama kwa picha kunakotokana na makosa yanayolimbikizana.

Hesabu maradufu: kosa la kukihesabu mara mbili kitu kilicho katika mfunikano.

Picha ya slaidi nzima: mkeka wa picha unaoonyesha slaidi yote ya hadubini.

Mkeka wa picha na ramani-picha: kama zilivyoelezwa hapo juu.

HITIMISHO

Watafsiri tunawaomba wasiliache neno "picha" peke yake pale ambapo hati inazungumzia vigae vilivyoshonwa, na kila wapatapo nafasi waandike mfunikano ni wa kiasi gani na vigae vilipigwa siku gani na saa ngapi. Walimu wa jiografia na wa biolojia wanaweza kuvifundisha vipindi hivi viwili kwa maneno yale yale. Wanafunzi wakipewa picha sita za uwanja wa skuli zilizopigwa kwa simu, mkasi na gundi, wataelewa mfunikano na upogo kabla ya kengele kulia. Maofisa wa ardhi na wa afya ndio watakaojua kama istilahi hizi zinasimama kazini au zinaanguka. Neno litakaloanguka, tuelezwe limeangukia wapi na watu wa hapo wanasemaje badala yake, ili lirekebishwe kabla halijaingia katika hati za mahakama na za hospitali, ambako kulitoa ni kazi ngumu kuliko kulitia.